Usiku Nilipomsugua Unyayo

Mwanangu alitulia kifuani pangu, ngozi kwa ngozi, nikadhani amelala. Nilifurahi hata, kwa sababu jioni nzima alikuwa akihangaika na ile mipira ya puani, mmoja wa hewa na mwingine wa maziwa.

Ulikuwa usiku wa 19 tangu azaliwe. Mimba ilikuwa ya wiki 26, na siku ya kwanza mizani ilionyesha gramu 870. Ngozi yake ilikuwa nyembamba mno, mishipa ikionekana kama mistari ya kalamu ya bluu, na mabegani alikuwa na vinyweleo laini ambavyo mtoto aliyetimiza miezi yake huwa ameshavipoteza. Kichwa chote kilienea kiganjani mwangu.

Kabla hajazaliwa nilidungwa sindano mbili za kukomaza mapafu yake, moja leo na nyingine kesho yake. Kati ya sindano hizo daktari alikaa nasi, mimi na mume wangu, akatueleza bila kuficha. Mtoto anayezaliwa kabla ya wiki 28 ni njiti wa mapema kabisa, na kupona kwake kunategemea sana mahali alipozaliwa. Baadaye nilizisoma takwimu za Shirika la Afya Duniani: katika nchi tajiri, chini ya 10 kati ya 100 wa namna hiyo hufa, katika nchi maskini, zaidi ya 90 kati ya 100 hufa ndani ya siku chache. Sijaweza kuizoea hesabu hiyo hadi leo. Mapafu ni yaleyale, ubongo ni uleule, na mama wanalia kilio kilekile.

Basi mashine ikaanza kulia. Nikatazama namba ya oksijeni: 88, 81, 74. Sikuelewa, maana mtoto nilikuwa naye, nilikuwa nalisikia joto lake. Sista akaja kwa hatua za haraka, akanishika bega, hakumnyanyua.

"Mama, msugue unyayo. Wewe mwenyewe, kwa kidole gumba."

Namba ikasoma 66. Midomo ilikuwa imeanza kuwa ya kijivu. Nikaingiza mkono chini ya blanketi, nikaupata mguu. Unyayo wake wote ulikuwa mfupi kuliko kidole gumba changu. Nikasugua. Hakuna kitu. "Kaza kidogo, hatavunjika." Nikasugua tena kutoka kisigino kwenda vidoleni, mara tatu, mara nne, na ghafla mguu ukajikunja, kifua kikavuta hewa kwa nguvu hadi mbavu zikachoreka. Halafu pumzi nyingine, na nyingine tena. Namba ikaanza kupanda pole pole, na mimi ndipo nilipogundua kwamba nami nilikuwa nimebana pumzi.

"Alisahau kupumua," sista akasema. "Sehemu ya ubongo inayomkumbusha haijakomaa bado. Ndiyo maana tunampa kafeini, dawa ya kuuchangamsha ubongo." Akanifundisha kuhesabu. Njiti hupumua kwa mafungu: anapumua mbio mbio, anatulia sekunde tano au hata kumi, anaendelea. Hiyo ni kawaida yao. Zikifika ishirini, au rangi ikibadilika, msugue.

Nikahesabu mpaka kukakucha.

Njia hiyo ya kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi ilianzishwa mwaka 1978 huko Bogotá, Kolombia, na daktari Edgar Rey, hospitali ilipokuwa na watoto wengi na inkubeta chache, yale masanduku ya kuwatia joto. Kwa miaka mingi ilichukuliwa kama ya wasio na mashine. Lakini utafiti uliotolewa mwaka 2021, uliofanyika Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania, ulionyesha kwamba watoto wa kilo 1 hadi chini ya kilo 1.8 wakianza kubebwa mara tu baada ya kuzaliwa, bila kusubiri watengemae, vifo vya mwezi wa kwanza hupungua kwa robo. Wangu alikuwa hajafika kilo, na bado kifua changu ndicho kilichokuwa karibu kuliko kitu chochote.

Leo ana miaka saba. Mishipa ya macho yake ilikua vibaya, ikabidi achomwe kwa leza, na sasa anavaa miwani minene. Mafua kidogo tu humshuka kifuani. Alichelewa kutembea, hata tukihesabu umri wake kuanzia tarehe aliyotakiwa kuzaliwa. Mtoto wa inkubeta ya jirani, aliyezaliwa siku moja naye, hakutoka wodini. Mama yake alikuwa akikamua maziwa pembeni yangu kila baada ya saa tatu, na ninamkumbuka kila mwaka siku hiyo inapofika.

Asubuhi ile, kabla ya kubadilishana zamu, nilimwona sista akiandika kwenye faili: saa 8:20 usiku alisimama kupumua, alirudi baada ya kusuguliwa unyayo. Nikamuuliza kama ameandika ni nani aliyemsugua. Akanitazama kidogo, akarudi kwenye mstari uleule, akaongeza neno moja: mama.