Akipisha aende wapi?

Tangu Jumanne usiku kuna neno limenikaa kooni, halishuki wala halipandi. Naandika labda litashuka.

Nyumba yetu mnaijua, sirudii utambulisho. Kitindamimba yuko likizo, kalala kwenye zulia na simu yake kifuani. Mzee, mume wangu, karudi kutoka kazini Mtumba, kaoga, kala, kakaa kwenye kiti chake cha dirishani. Mimi nasahihisha madaftari ya darasa la sita. King'amuzi kikatuletea James Bond, yule jasusi wa sinema za Kiingereza, ile ya mwaka 1985 inayoitwa A View to a Kill, ambayo mwishoni wanapigana juu ya daraja la Golden Gate kule San Francisco. Mzee akaniambia, "Mama, acha hapo hapo." Waliomwigiza Bond ni wengi, ila Roger Moore ndiye Bond wake. Wengine wote kwake ni waigizaji tu.

Ikafika pale Moore anapomsogelea msichana wa kwenye ile picha, kamera ikamkaribia usoni. Macho yamezungukwa na mikunjo, ngozi ya shingo imelegea, nywele zimepangwa kwa uangalifu mkubwa. Kitindamimba akainua kichwa.

"Baba, stelingi mwenyewe mbona babu? Si angepisha vijana?"

Mzee hakugeuka. Akasema, "Akipisha aende wapi?"

Basi. Kijana akarudi kwenye simu yake, filamu ikaendelea, watu wakarushiana risasi. Mimi nikabaki na kalamu nyekundu juu ya hesabu za mtoto wa watu, sijui hata kama nilikuwa nimeweka vema au kosa.

Mnaofuatilia hapa mtakuwa mmeshaelewa. Mzee ana miaka 59. Alipofika 55, umri wa kustaafu kwa hiari, nilimshauri apumzike, akakataa, nami sikumsumbua tena. Sasa ni mwakani, 60, na hiyo haina hiari. Dereva aliyeijua barabara ya Dodoma na Dar kabla mabosi wake wa leo hawajaanza shule, siku moja atakabidhi ufunguo, atasaini kitabu, atarudi nyumbani kwa daladala.

Kwa hiyo wiki nzima nimekuwa nikiyarudia maneno yale matatu. Nikiwa jikoni nayasikia. Nikiwa ubaoni nayasikia. Aliyasema bila hasira, sauti ya chini, kama anavyoongea na injini iliyokataa kuwaka asubuhi. Je, aliuliza kweli? Alikuwa akimjibu mtoto au akijibu ile barua ya kustaafu iliyoko kwenye droo? Alitulia kidogo baada ya "akipisha", au mimi ndiye ninayeongeza kituo kila ninaporudia? Mambo mengine yalipita: sendoff ya binti wa wifi ilifana, upepo umeezua bati mbili za jikoni, na mimi nimeletewa barua ya kuwa mwalimu mkuu msaidizi. Asanteni kwa pongezi zenu. Lakini kichwa changu kimebaki sebuleni, Jumanne usiku.

Usiku ule nilichukua simu nikaanza kuhesabu miaka ya watu. Moore alizaliwa Oktoba 1927. Alianza kuwa Bond mwaka 1973 akiwa na miaka 45, akacheza filamu saba, na hiyo ya 1985 alikuwa na 57. Sean Connery, aliyeanza mwaka 1962, alizaliwa Agosti 1930. Yaani aliyepokea kijiti ni mkubwa kwa aliyekiachia, karibu miaka mitatu! Na Connery naye, baada ya kuacha mwaka 1971, alirudi mwaka 1983 kwa watengenezaji wengine, ameshavuka 50. Mwaka huo huo Moore alikuwa na ya kwake sokoni. Wanaume wawili wa makamo, kila mmoja ni 007, namba ya siri ya Bond, na dunia ikanunua tiketi za wote.

Sisi hapa hatukuwahi kuihesabu hiyo miaka, na nadhani ilikuwa kwa sababu nzuri. Tanzania Bara hatukuwa na televisheni mpaka 1994. Mikanda ilifika Dodoma ilivyotaka yenyewe, si kwa mpangilio wa walioitengeneza. Mzee, enzi hizo bado kijana wa Majengo, aliingia kwenye kibanda cha video wiki hii akamwona Moore wa 1985, wiki ijayo Connery wa miaka ya sitini, kisha Moore wa mwanzo. Stelingi alizeeka na kurudi ujana kadiri mkanda ulivyopatikana. Wasichana hatukuruhusiwa kuingia. Tulisimama nje tukisikiliza milio ya magari, na vijana wakitoka tuliwauliza kama amekufa. Walitucheka. Stelingi hafi, hilo kila mtu alilijua. Ndiyo maana mwaka 2021, Daniel Craig alipomaliza miaka yake 15 ya kuwa Bond akiwa na 53 na wakamuua Bond mwishoni, Mzee alizima televisheni akaenda kukagua kuku.

Nikiendelea kuhesabu nikakutana na Lois Maxwell, na hapo huzuni ikageuka hasira. Ni yule katibu muhtasi wa bosi wa Bond, Moneypenny, aliyekaa mezani tangu filamu ya kwanza mwaka 1962. Alizaliwa Februari 1927. Kampita Moore miezi minane tu, na walisoma pamoja chuo cha uigizaji London. Filamu 14 amekaa pale pale, kutaniwa na kuachwa, na mwaka 1985 wakaondoka wote wawili. Mwanamume wa 57 alipewa wasichana wa kuwakumbatia. Mwanamke wa 58 alipewa meza na kofia. Filamu iliyofuata mezani pakakaa binti wa miaka ishirini na kitu. Hakuna aliyeuliza Lois Maxwell akipisha ataenda wapi. Mimi ni mwalimu wa kike, nimeshaona wenzangu wanaagwa kwa keki na kitenge, kisha jina linafutwa kwenye ratiba siku hiyo hiyo. Hilo linaniuma kuliko mikunjo ya Moore. Na Tom Cruise, aliyezaliwa Julai 1962, mwaka Bond anatoka kwa mara ya kwanza kwenye sinema, mwaka 2025 alikuwa bado stelingi, ananing'inia kwenye ndege akiwa na 62. Angekuwa mtumishi wetu wa serikali angekuwa ameshakabidhi ofisi. Simwonei wivu. Nataka tu mlango aliofunguliwa yeye ufunguliwe na kwa wengine.

Jumapili baada ya ibada tulikwenda shambani Mpunguzi, mimi na Mzee peke yetu. Njiani nikaona bora niseme. Sikumuuliza alimaanisha nini, nilimsimulia tu nilichosoma. Ya Moore kuwa mkubwa kuliko Connery ilimfurahisha. Nikaendelea nikafika kwa Desmond Llewelyn, yule mzee anayeitwa Q: alizaliwa 1914, akaanza mwaka 1963, akacheza filamu 17, ya mwisho ikatoka 1999 akiwa na miaka 85.

Mzee akapunguza mwendo. "Yule anayegawa magari?"

"Huyo huyo."

"Anayesema gari lirudi zima?"

"Ndiyo."

Akapiga usukani kwa kiganja akacheka mpaka akatoa miwani. "Mama, huyo ndiye mtu wa maana mle ndani! Bond anapewa gari jipya, analitumbukiza baharini, kesho anakuja kuomba lingine. Mzee wa watu anasimama pale anaelekeza, kijana hasikilizi." Halafu akaanza, na hakunyamaza mpaka tunaingia shambani. Akanieleza dereva mmoja kijana pale kazini anayeondoa gari bila kuvuta dipstiki, kile kijiti cha kupimia oili, mwingine anayekanyaga klachi njia nzima ya mlima, mwingine aliyerudisha gari taa ya oili inawaka akasema alidhani ni ya mlango. Asubuhi wakifika, kabla hajatoka mtu, Mzee huwa anafungua boneti anawaita. Hajatumwa na bosi yeyote. Wanakuja wakilalamika, lakini wanakuja. Miaka yote hii hajawahi kunisimulia hilo.

Nilikuwa nikidhani usiku ule alijiona kwenye uso wa Moore. Sasa sina hakika kama alikuwa akimtazama Moore hata kidogo.

Jambo moja sikumwambia: Llewelyn alifariki Desemba ya mwaka ule ule wa 1999 kwa ajali ya gari. Dereva haambiwi hivyo akiwa amekamata usukani.

Nikajaribu kumwuliza kama kuna ofisi au chuo cha udereva kinachoweza kumhitaji baada ya mwakani, hata kwa kufundisha tu. Akasema, "Tutaona, Mama." Nimejiuliza pia hilo "tutaona" ni la namna gani, ila leo sitaki kuanza upya.

Tena kuna la zabibu. Tulipofika tukakuta ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu, umeingia kwenye mistari ya upande wa korongo. Vumbi jeupe liko kwenye majani machanga na limeshashika punje zenyewe, zile ndogo za ukubwa wa choroko. Ukizipangusa kwa kidole ngozi chini imebaki na makovu, na punje ya hivyo ikikua inapasuka. Jirani amepiga salfa wiki iliyopita, kwake kusafi. Kijana wetu wa kupiga dawa hapokei simu tangu jana, na wingu limetanda tena kusini. Kama kuna mtu wa Mpunguzi au Hombolo anasoma hapa na ana bomba la mgongoni la kukodisha wiki hii, aniandikie leo.