Mama wa Chini ya Mwembe na Jina la Lusinga
Juzi usiku, umeme ulipokatika hapa kwetu Lubumbashi, nilishika tochi kando ya jicho, nikamulika majani makavu chini ya mwembe wa lupango letu, na nukta mbili za kijani zikanirudishia mwanga kutoka ardhini. Alikuwa buibui, mama mzima, mgongo wake umejaa watoto waliopandana kama abiria wa basi la kwenda soko la Kenya, mtaa wa hapa mjini.

"Yaya, nimuue?" aliuliza mdogo wangu, kandambili tayari mkononi. Nilimzuia.

Kuitambua jamii yake si kazi. Ni Lycosidae, na buibui wa jamii hiyo wana macho manane katika safu tatu: manne madogo mbele, mawili makubwa juu yake, na mawili zaidi nyuma. Mama huburuta mfuko wa mayai akiwa ameufunga kwenye ncha ya tumbo, panapotoka uzi, ilhali buibui wa jamii jirani ya Pisauridae huubeba kwa taya. Watoto wanapoiva, mama huupasua mfuko, nao hupanda mgongoni na kushikilia vinyweleo vyake.

Jina la jamii hii linatokana na Lycosa, jenasi (kundi la spishi zinazokaribiana) iliyopewa jina na Mfaransa Latreille mwaka 1804 kwa neno la Kigiriki lenye maana ya mbwa mwitu. Mimi naona halimfai, kwa kuwa mbwa mwitu huwinda kwa kundi, na huyu huwinda peke yake.

Ugumu huanza mtu anapotaka kujua spishi, kwani jamii hii ina zaidi ya 2,400. Kati ya mwaka 1946 na 1949, msafara wa utafiti wa Mbelgiji de Witte ulikusanya wanyama wengi katika Hifadhi ya Upemba, kaskazini mwetu, na buibui wake wakafika mezani kwa Mjerumani Carl Friedrich Roewer, mtaalamu wa buibui. Mwaka 1959 alitangaza spishi mpya nyingi, mojawapo ikiwa Pardosa lusingana, ambayo jina lake linaelekeza Lusinga, kituo kilichomo ndani ya hifadhi hiyo. Roewer alipanga jenasi zake akitegemea sana mambo yanayoonekana kwa nje, kama vile mpangilio wa macho na meno ya taya. Waliomfuata waliona kwamba viungo vya uzazi ndivyo vinavyotenganisha buibui hawa kwa uhakika zaidi, na majina yake kadhaa yakaunganishwa na mengine au yakahamishwa. Simlaumu sana, maana alikuwa akisoma maiti za chupani, si buibui wanaokimbia.

Mama wetu si lusingana: Pardosa ni wadogo, wana miguu myembamba, na wengi wao hukimbia mchana juani, ilhali huyu alikuwa mnene na alitoka usiku. Kusema zaidi ya hapo kungenilazimu kumtia katika pombe kali, kumlaza chali chini ya hadubini na kuchunguza kibamba kidogo cha uzazi kilicho chini ya tumbo lake, huku watoto wake wote wakielea pembeni.

Nilimfunika kwa bilauri muda wa kutosha kuhesabu safu za macho, kisha nikaiinua. Mtoto mmoja alikuwa amebaki kwenye kioo. Mdogo wangu, kandambili ikiwa imerudi mguuni, alimsukuma kwa ncha ya jani mpaka akafika kwenye mguu wa mama yake, akapanda.