Mimi ni dereva

Leo siku ya 19 na bado najisikia mwenyewe nikilisema lile neno mlangoni kwa watu. Nikiosha vyombo lipo, nikiwa kazini shifti ya usiku nambadilishia bibi mmoja shuka lipo. Hebu niliandike hapa, labda litaniachia.

Mnaonifuata zamani mnamjua Mzee wa Kengele, yule niliyekuwa nampeleka hospitali Bury St Edmunds kila Alhamisi. Kwa wageni tu, niseme kwamba huku kijijini kwetu Suffolk basi linapita mara mbili kwa siku, Jumapili hakuna kabisa, na mtu wa miaka 84 huwezi kumsimamisha kituoni kwenye upepo wa huku, kwa hiyo kuna watu tunajitolea magari yetu. Kuna mama ana simu na daftari, mgonjwa anampigia yeye, yeye anatupigia sisi. Hatulipwi, abiria anarudisha hela ya mafuta tu, peni 45 kwa maili, ndo kiwango ambacho serikali haikukati kodi. Kwenda na kurudi ni maili 22, inakuja pauni 9 na peni 90. Mzee alikuwa anatia noti ya 10 kwenye bahasha anaiweka mbele ya usukani kabla hata sijawasha gari, anasema ile peni 10 ni yangu nisimwambie mtu. Miaka miwili hiyo, kila Alhamisi na peni 10 yake.

Njia nzima ananipa darasa la kengele. Kengele za kanisa huku hazipigi nyimbo, kila mtu anashika kamba yake na kazi ni kubadilishana zamu, yaani leo wewe wa kwanza, mzunguko ujao wa pili, hivyo hivyo bila kurudia mpangilio. Kengele zetu ni 6 na 6 zinapangika namna 720, ukizimaliza zote ni karibu nusu saa mikono juu mikono chini. Yeye alikuwa na ile kubwa. Mimi Mwislamu wa Tanga, Ngamiani, barabara ya 12, nimekulia adhana, lakini mzee akianza kuhesabu kwa vidole kwenye goti lake nilikuwa napunguza mwendo ili tusifike haraka.

Basi Jumanne ile, natoka shifti asubuhi, naona meseji ya mama wa daftari kwamba Alhamisi hutahitajika, mzee kafariki usiku. Hivyo tu. Nilikaa kwenye gari pale pakingi mpaka vioo vikajaa ukungu.

Sikulala. Nimetoka pale nimepitia nyama, nimepika pilau, nikalitia kwenye lile hotpoti jekundu la mama la maua, kwa sababu kwetu mfiwa hapiki, hilo halina mjadala. Jioni nikaenda. Nilikuwa naiona nyumba kichwani kabla sijafika, milango wazi, watu nje, viatu vimerundikana kizingitini. Nikakuta mlango umefungwa, taa moja juu, kimya. Nikagonga.

Akafungua binti, dada wa umri wangu, macho mekundu. Nikampa pole. Akaniangalia mimi, akaangalia hotpoti, akasema, "Asante. Na wewe ni…?"

Akaliacha hapo hapo linaning'inia. Waingereza wana hiyo, sentensi haina mkia, mkia utautia wewe.

Nikasema, "Mimi ni dereva."

Akasema, "Oh. Wa teksi?"

"Hapana, wa hapa kijijini, wa kujitolea."

"Ah. Ni wema sana. Mama hapokei wageni kwa sasa." Akapokea hotpoti kwa mikono miwili kama kitu kinachovuja, akarudisha mlango taratibu, taratibu kabisa, wala hakunitendea ubaya wowote. Nimelirudia mara ngapi sijui na sioni pa kumlaumu, kafiwa na baba yake jana, anajua mimi nani?

Kinachonikera ni mimi. Kwa nini dereva? Kwa nini nisiseme jirani, nyumba zetu zinatenganishwa na uwanja wa kanisa tu? Kwa nini nisitaje hata jina langu? Nimesema dereva kama mtu aliyekuja kudai nauli. Na lile la wageni, jamani. Tanga msiba ukitokea hakuna anayekuuliza wewe nani, unaingia, unaweka kanga kiunoni, unaokota kisu unaanza kumenya vitunguu, nani wa nani mtajuana baadaye huko kwenye hitma. Huku nimeambiwa mama hapokei wageni na mimi nikaitikia sawa, nikarudi nyumbani nikatembea katikati ya barabara.

Baba watoto akaniambia mbona unakuza mambo. Mama kwenye simu akasema ungeingia tu. Wote wawili hawakunisaidia.

Wiki hii yenyewe imejaa, barua yetu ya ukaazi wa kudumu imefika Jumanne alhamdulillah (nitaandika siku nyingine), Jumatano mazishi. Ndiyo, wiki mbili na ushei baada ya mtu kufa, ndo kawaida ya huku. Nilikaa benchi la nyuma kabisa. Kabla ya ibada wenzake wakapiga kengele, na siku ya msiba wanafunga ngozi upande mmoja wa ulimi wa kengele, kwa hiyo pigo la kwanza linatoka zima, la pili linakuja limefifia kama linatoka kijiji cha mbali. Zima, halafu mbali. Alishanieleza hilo garini mwaka jana, akasema mimi watanipigia hivyo, na mimi nikamwambia mzee acha hayo, funga mkanda. Sasa nalisikia lenyewe. Nilishika benchi la mbele kwa mikono miwili.

Baada ya hapo nikaenda ukumbini, zamu ya chai ilikuwa yangu. Vikombe vile vya kijani mpauko vya kila ukumbi wa kijiji Uingereza, na lile dude la kuchemshia maji linalotaka dakika 40 ndo lichemke. Nikawa nyuma ya kidirisha cha jikoni namimina, na nasema kweli niliona nafuu kuwa na birika mkononi, hakuna anayekuuliza mtu mwenye birika yeye ni nani.

Sasa jana.

Jana saa nne asubuhi mlango unagongwa, nafungua ni bibi mwenyewe, mjane, na fimbo yake, kavuka uwanja wa kanisa kwa miguu na ile nyonga yake, hotpoti langu kalibeba kwenye mfuko wa kitambaa. Miaka miwili hatujaongea zaidi ya kupungiana mkono dirishani. Nikamkaribisha, akakaa, akavuta pumzi, akasema binti yangu aliniambia kaja dereva kaleta chakula, nikamuuliza dereva gani, mimi sina dereva. Tumekula siku tatu hatujui tumshukuru nani. Jumatano ndo nimekuona kidirishani na birika nikamwambia binti, yule siyo dereva, yule ni Alhamisi.

Nikafikiri nimesikia vibaya.

Kumbe ndo jina langu ndani ya nyumba ile. Mzee jina langu halikumkaa mdomoni hata nikamtamkia vipi, sasa akawa akirudi anasema Alhamisi kaniambia hivi, Alhamisi mtoto wake kapata shule, Alhamisi leo kachoka. Ijumaa akiongea na binti kwenye simu, binti yuko Leeds, ni Alhamisi kasema hiki kasema kile. Binti ananijua mimi tangu zamani! Yaani mlangoni pale tulikuwa tunajuana wote wawili na hakuna aliyejua. Bibi anasema binti alivyoambiwa alilia upya.

Nikamwambia bibi kwamba kwetu hilo ni jina kabisa, mtoto wa kike akizaliwa Alhamisi anaitwa Mwanahamisi, shangazi yangu ni Mwanahamisi. Akalijaribu. Mwa-na-ha-mi-si. Akalipata mara ya tatu, akacheka, halafu hakuwa anacheka tena, nikamshika mkono tukakaa hivyo, chai ikapoa.

Hotpoti halikurudi tupu. Sikutegemea, nilidhani hilo ni la kwetu tu. Ndani kaweka yale maharage yao marefu mabichi, yanayopanda juu ya fito, mzee aliyapanda mwezi wa tano na alinionyesha picha kila Alhamisi kama mtu anayeonyesha mjukuu. Marefu kama kiganja mpaka kiwiko, mengine yameshakomaa yana nyuzi. Na chini yake bahasha. Alikuwa anaziandaa Jumapili usiku za wiki nzima, ya muuza maziwa, ya magazeti, na hii. Juu imeandikwa kwa mwandiko wake Alhamisi. Ndani noti ya 10.

Kila nikiitazama sijui aliandika siku au aliniandika mimi. Bibi sikumuuliza. Nimeiweka kwenye msahafu, sitaitumia. Maharage nimeyaunga nazi usiku ule ule na yalikuwa na nyuzi kweli, tukala hivyo hivyo.

Nilitaka niishie hapo nikalale, kesho mama wa daftari kanipa mtu wa kliniki ya macho saa mbili. Ila nimeenda kufunga begi la mkubwa, kaanza sekondari wiki ya pili hii, nimekuta chapati za Alhamisi na za Ijumaa zimo kwenye foili vilevile nilivyozifunga, hata kona haijafunuliwa. Na jioni zote mbili nilimuuliza umekula, akasema nimekula mama.