Bei Ina Uzito Gani? Hesabu ya Tangi Letu la Maziwa

Kikundi chetu cha wafugaji, huku upande wa Molo, Kenya, kimekuwa kikiuza maziwa ya asubuhi na kubaki na ya jioni. Ya jioni hunywewa nyumbani, mengine hupewa ndama, mengine huchacha. Ndiyo maana tulichanga tununue tangi la kupozea, lile linaloshusha maziwa hadi nyuzi 4 na kuyashikilia hapo mpaka lori lije. Kuhusu kununua hatukuzozana. Tulizozana kuhusu mahali pa kuliweka, kwa sababu tangi la lita 3,000 likishajengewa sakafu ya zege na kuunganishiwa stima, halihami tena.

Viwanja vilikuwa vitatu. Kimoja kando ya lami, shilingi 850,000. Kingine karibu na shule ya msingi, 835,000. Cha tatu kiko juu, kule msitu unakoanzia, 790,000, na ndiko wanachama wengi wanakoishi. Tatizo la juu ni udongo. Mvua ya Aprili ikinyesha mfululizo, lori halipandi. Na laini ya stima ya fezi tatu, ile ya mitambo mikubwa, ambayo fundi alisema mtambo wa tangi letu unaihitaji, haijafika huko.

Mimi ni katibu, na takwimu nilizisomea Chuo Kikuu cha Egerton, hapo Njoro. Niliomba kikundi kiniachie suala hili nilipange kwenye kompyuta kabla ya kura. Nilitumia LibreOffice Calc, programu ya bure ya lahajedwali. Kila kiwanja kina safu yake na kila kigezo kina mstari wake: bei, barabara, stima, umbali. Katika kila kigezo, kiwanja kibaya kuliko vyote hupata 0 na kizuri kuliko vyote hupata 100. Kilicho katikati hupimwa kinapokaa. Kwa bei, cha juu kilipata 100, cha lami 0, na cha shule 25. Kisha kila alama huzidishwa kwa uzito wa kigezo chake, zote zinajumlishwa, na jumla hugawanywa kwa jumla ya uzito wote. Kanuni yenyewe haijazi mstari mmoja.

Kazi yote iko kwenye uzito, na hapo ndipo watu wengi, hata wenye programu za gharama, hupita haraka.

Kwenye mkutano niliwauliza wanachama kwanza swali la kawaida: gawanyeni pointi 100 kulingana na umuhimu wa kila kitu. Bei ikapewa 40, umbali 30, barabara na stima 15 kila moja. Nikaingiza. Kiwanja cha juu kikapata 70, cha shule 52, cha lami 30. Wa juu wakapiga makofi.

Lakini tazama hizo bei tena. Kati ya kiwanja ghali na cha bei nafuu kuna tofauti ya shilingi 60,000, fedha ambazo kikundi kizima kingezigawana na kila mtu akazimudu. Fedha ni muhimu, nakubali, hasa kwa mjane mwenye ng'ombe mmoja. Hata hivyo hizi 60,000 zilipewa uzito mkubwa kuliko wiki nzima za maziwa kumwagwa kwa sababu lori limekwama. Mtu akiulizwa kama bei ni muhimu, anafikiria bei za maisha yake yote: karo, dawa, mbolea. Hafikirii pengo lililo mbele yake.

Kosa hili wataalamu nao walilifanya. Ward Edwards, mwanasaikolojia Mmarekani aliyebuni mbinu ya kutoa alama iitwayo SMART, alichapisha marekebisho mwaka 1994 pamoja na F. Hutton Barron, na wakasema wazi kwamba mbinu ya mwanzo ilikuwa na kasoro: ilipima umuhimu bila kuangalia pengo kati ya kibaya na kizuri. Namheshimu sana mtu anayerudi kusahihisha kazi yake hadharani.

Mbinu inayojulikana zaidi ni AHP (Analytic Hierarchy Process) ya Thomas Saaty, mwanahisabati mzaliwa wa Mosul, Iraki, aliyeiunda Marekani miaka ya 1970. Humo unalinganisha vigezo viwili viwili kwa kipimo cha 1 hadi 9. Vigezo vinne vinaleta ulinganisho mara 6, vinane vinaleta 28. Expert Choice, programu iliyotoka mwaka 1983, ilijengwa juu yake, na Super Decisions ni ya ukoo huo huo. Ninachokipenda ni kwamba inakukagua: ukisema barabara inaishinda stima, stima inaishinda bei, halafu bei inaishinda barabara, kipimo cha ukosefu wa ulinganifu kinapita 0.10 na unaambiwa urudi ukafikiri upya. Ila mtu anaweza kuwa na ulinganifu kamili katika kujibu swali lisilofaa. Ukiulizwa "bei ni muhimu mara ngapi kuliko barabara" bila kutajiwa bei zipi na barabara ipi, jibu lako litaelea hewani hata likiwa na desimali tatu.

Kwa hiyo nikauliza upya, kwa namna ambayo Edwards aliipendekeza. "Wazee wangu, akina mama, chukulieni kiwanja kilicho kibaya kwa kila kitu: ghali, mbali, lori halifiki, stima haipo. Mkiruhusiwa kurekebisha kitu kimoja tu, mtaanza na kipi?" Barabara, wakasema, na hawakubishana. Ikapewa 100. Halafu stima, 80 ukilinganisha na barabara. Umbali 50. Bei, ile 60,000, ikapewa 20.

Jumla zikageuka. Kiwanja cha lami 72, cha shule 71, cha juu 28.

Tofauti ya pointi moja haiamui chochote, na katibu anayesoma 72 kwa 71 kana kwamba ni matokeo ya mbio anawadanganya wenzake. Nikaanza kusogeza uzito mbele yao kwenye ukuta, tukiona namba zinavyobadilika. Umbali ukipanda kutoka 50 na kuvuka 55, kiwanja cha shule kinaongoza. Swali kubwa la kikundi likawa limebaki hapo tu: umbali una uzito gani hasa?

Mama mmoja aliyekuwa kimya muda wote akainuka. "Mwanangu, huo umbali umeupima kwa miguu ya nani?" Nilikuwa nimechukua wastani wa wanachama wote. Akaeleza kwamba wa juu maziwa yao hubebwa na bodaboda, mitungi kadhaa kwa safari moja, na kilomita moja zaidi wanaiongezea nauli kidogo. Wanaobeba maziwa kwa mkono ni wanawake wanaoishi kuzunguka shule, na wao ndio hubeba mara mbili kwa siku.

Hakuna programu ambayo ingesema hivyo. Lakini kama lahajedwali haingetuonyesha kwamba uamuzi wote umening'inia kwenye umbali, sidhani mama yule angepewa nafasi ya kusema. Mikutano yetu huwasikiliza wenye ng'ombe wengi kwanza.

Wanachama wakakubaliana umbali uwe 60. Shule 70, lami 69, na sababu ya kuchagua shule sasa ilikuwa na uso. Kura ikapita.

Mzee mmoja wa juu hakuridhika. Alitaka kujua ni uzito gani ungekifanya kiwanja chao kishinde. Nikamtafutia mbele ya wote: barabara na stima zote mbili zingepaswa kushushwa hadi karibu robo ya uzito tuliozipa. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Andika hivyo kwenye kumbukumbu. Siku barabara yetu ikimwagwa changarawe na stima ikapanda, tufungue hesabu hii tena." Nimeiandika, ukurasa wa pili, na faili iko kwa mweka hazina pia.