Kikapu cha Mama, Dar es Salaam hadi Mbeya

Mwaka jana nilimsindikiza mama yangu, mwenye kisukari, kutoka Dar es Salaam kwenda Mbeya, safari ya zaidi ya kilomita 800, bila kubeba chochote cha kula, kwa kuwa niliamini njiani hapakosi chakula. Kweli hakikukosekana, lakini basi lilisimama dakika 10 tu, na kilichowahi mkononi kilikuwa chipsi na kuku wa kukaanga. Mama alikula kidogo, akashushia soda, ambayo chupa yake ya mililita 350 huwa na sukari ya zaidi ya gramu 30. Maji akayakataa mchana kutwa, kwa kuona haya kumwomba dereva asimame achimbe dawa. Tulifika usiku akiwa na kizunguzungu, nami sikupata usingizi kwa majuto.

Safari hii tulipoondoka Mbezi saa 12 alfajiri nilikuwa na kikapu miguuni. Niliamka saa 9 usiku nikachemsha viazi vitamu na mayai, nikaviacha vipoe kabisa kabla ya kuvifunga, kwa sababu chakula kikifungwa cha moto hutoa jasho na kuchacha upesi katika joto la basi. Wali na mchuzi sikuthubutu kubeba. Niliongeza karanga zisizo na chumvi, matango, machungwa na maji.

Suala la maji nilimweleza kondakta mapema. “Mama asiwe na shaka,” alinijibu, “akihitaji kushuka aniite tu.” Neno hilo lilimtosha mama, akaanza kunywa funda mojamoja tangu Chalinze.

Ndani ya Hifadhi ya Mikumi, abiria wengine wakichungulia dirishani kutafuta twiga, yeye alimenya kiazi taratibu, ganda jekundu likikunjamana juu ya kanga yake, akala nusu pamoja na yai moja, kisha akameza vidonge vyake kwa wakati.

Tuliposimama kula kabla ya kupanda mlima Kitonga, niliipita meza ya chipsi nikaulizia maharage na mchicha. Vilikuwepo, sufuria zake zimewekwa nyuma kabisa, na mama lishe akanipakulia kwa furaha, kwa maana wasafiri wenye haraka hawaviulizi.

Uyole tulishukia kwenye baridi kali. Mama alitembea mwenyewe hadi kwenye bajaji, kikapu kikiwa mkononi mwake, na ndani kulikuwa na chungwa moja alilokataa nisilimenye, kwani amemwekea mjukuu wake.