Risiti ya babu

Jana usiku kwenye grupu la wazazi wametupia tena ujumbe, mchango wa mlinzi na wa mitihani ya Jumamosi, huyu wangu wa darasa la sita akachungulia simu akauliza, "Baba, si walisema elimu bure toka 2016?" Nikamwambia nenda kalale.

Mimi mwenyewe nilirudishwaga nyumbani kwa hela ya UPE, ule mchango wa shule ya msingi. Tukuyu, kule Mbeya, miaka ya tisini, mvua ile isiyojua kupumzika. Mama alikuwa sokoni na mbalaga zake, ndizi za kupika, nikamkuta babu jikoni anaota moto. Nikamweleza. Hakusema kitu, akaenda kuvuta lile sanduku lake la bati, likafunguka na harufu ya naftalini na moshi, akatoa kitambaa kimefungwa mafundo mawili. Ndani risiti za kodi za baba yake, enzi za Mwingereza. Akazipanga kwenye mkeka moja moja kama anagawa karata, akisema hii nyumba ya bibi mkubwa, hii ya bibi wa pili, hii ya bibi mdogo, maana kila mke na nyumba yake na kila nyumba na kodi yake.

"Umeona? Tulilipa. Halafu mimi shule yangu ya kijijini haikupata hata chaki." Ruzuku ya serikali ilikwenda kwenye shule za misheni ambazo walimu wake wana cheti na mkaguzi ameridhika, sasa mwalimu wa kina babu alikuwa na moyo tu, cheti hana. Watoto wa Wazungu na wa Wahindi walikuwa na shule zao na fungu lao, kwa kila mtoto nono kuliko la kwetu. Malangali, ile ya serikali iliyofunguliwa 1928 kule Iringa, babu aliitaja kama mtu anavyotaja Ulaya. Yeye darasa la nne, basi.

Akachagua moja, akanipa. "Mpe mwalimu wako. Mwambie ya ukoo huu ilishalipwa."

Ningempaje mwalimu? Darasa zima lingenicheka mpaka naoa. Nikaichomeka kwenye daftari, mvua ikanikuta njiani, kufika shule wino umetambaa karatasi nzima, jina la babu mkuu limebaki doa la bluu. Nikaitupa mtaroni. Jioni babu akaniuliza, nikasema mwalimu kakubali. "Ndaga," akasema, yaani asante kwa Kinyakyusa, akacheka peke yake muda mrefu.

Mama alilipa kimyakimya wiki ile ile. Babu aliisimulia risiti ile kila kilabuni mpaka anakufa, jinsi alivyoidai serikali ikanywea, na kila akifika hapo ananigeukia, "Si kweli, mjukuu wangu?" Kweli babu.

Asubuhi nimelipa huo mchango. Nikaandika kwenye grupu "nimetuma", mtoto kasimama nyuma yangu anasoma.