VPN ilificha nini kwenye simu yangu, na nini haikukigusa

Mei 2025, X (zamani Twitter) ilipoacha kufunguka hapa Tanzania, karibu kila simu iliyoletwa mezani kwangu Morogoro ilikuwa na ile alama ya ufunguo juu ya skrini, alama ya VPN, yaani programu inayopitisha data zako kwanza kwenye seva (kompyuta) za kampuni nyingine. Natengeneza simu na kompyuta. Zamani VPN nilikuwa naikuta kwa wanafunzi wa chuo na kwa watu wa ofisi zenye makao makuu nje. Safari hii hata mzee aliyekuja kubadilisha kioo alikuwa nayo, kawekewa na mjukuu. Wengi waliniambia kwamba tangu waiweke, hakuna anayeona wanachofanya mtandaoni. Nikiuliza ni nani hasa asiyeona, jibu lilikuwa fupi: "Wao."

Kufungua tovuti iliyozuiwa ni kazi moja, kulinda faragha ni nyingine. Ya kwanza VPN inaiweza, ushahidi nilikuwa nao mezani. Ya pili nilitaka kuiona kwa macho yangu kabla ya kuwaahidi wateja kitu nisichoweza kukitetea.

Nikachukua laptop ya dukani, nikaifanya igawe intaneti kwa Wi-Fi, kisha nikaiunganishia simu ya Android ya majaribio. Hapo laptop inakaa mahali inapokaa kampuni ya simu, kwa maana kila kinachotoka kwenye simu lazima kipite kwake. Ndani ya laptop nikawasha Wireshark, programu ya bure inayoonyesha data inavyopita, kipande kwa kipande.

Nilianza bila VPN. Kabla simu haijafungua tovuti yoyote huuliza kwanza anwani yake ni ipi, na kwenye ile simu, ambayo mipangilio yake haikuwa imeguswa, swali hilo lilikwenda wazi kabisa. Nikaona jina la benki, jina la tovuti ya ajira, na jina la tovuti ya afya niliyoifungua makusudi. Hata baada ya swali hilo, mara nyingi simu ilipoanza kuzungumza na tovuti yenyewe, jina lilitajwa wazi tena. Lakini ukurasa niliousoma kwenye ile tovuti ya afya sikuuona. Nenosiri sikuliona, wala salio.

Wateja nawaeleza kwa mfano wa mzigo wa basi. Karani anasoma jina la mpokeaji, anajua uzito na saa ulipoupeleka, ila boksi limefungwa, hajui kilichomo. Huko kufungwa ndiyo HTTPS, ile kufuli ya kwenye kivinjari, na siku hizi karibu kila tovuti ya maana inayo, uwe na VPN usiwe nayo. Matangazo mengi ya VPN husemwa kana kwamba nenosiri lako linapita uchi kwenye Wi-Fi ya hoteli. VPN inalitia boksi lako ndani ya boksi kubwa zaidi lenye jina la wakala mmoja, yaani kampuni ya VPN. Karani haoni tena mpokeaji wa mwisho, lakini wakala anamwona.

Nilipowasha VPN, orodha ya majina ilikatika. Kikabaki kitu kimoja tu, data inayokwenda na kurudi kwenye anwani moja ya Uholanzi. Saa niliyokuwa mtandaoni ilionekana, na kiasi cha data kilionekana. Kwamba natumia VPN, hilo halikufichika hata kidogo. Na programu moja ya bure, miongoni mwa zile nilizokuwa nazikuta kwenye simu za wateja, iliwasha ufunguo vizuri kabisa huku yale maswali ya anwani yakiendelea kupita nje, wazi kama mwanzo. Mwenye simu hawezi kulijua hilo kwa kuangalia skrini.

Hapo ndipo nilipoanza kusoma habari za mawakala wenyewe, na kwangu hiyo ndiyo sehemu iliyobadilisha mambo.

Watafiti wa CSIRO, shirika la utafiti la serikali ya Australia, na wenzao walichapisha mwaka 2016 uchunguzi wa programu 283 za VPN za Android. Asilimia 18 hazikuwa zikisimba data kabisa, yaani boksi la nje halikufungwa. Asilimia 38 zilikuwa na dalili za programu hasidi, na asilimia 75 zilibeba vifuatiliaji vya kampuni nyingine. Ni utafiti wa zamani, nakubali, na programu nyingi zilizopimwa huenda hazipo tena. Ila seva bado zinagharimu pesa, na kama mtumiaji halipi, kuna mtu mwingine analipa.

Onavo ndiyo inayonikereketa zaidi. Facebook iliinunua kampuni hiyo ya Israeli mwaka 2013. Programu yake ya VPN, Onavo Protect, ilitangazwa kama ya kulinda data za mtumiaji, kumbe data zile zilikuwa zikiionyesha Facebook ni programu zipi watu wanazitumia na kwa kiasi gani, WhatsApp ikiwemo, kabla Facebook haijainunua mwaka 2014. Iliondolewa kwenye duka la Apple mwaka 2018, ikafungwa mwaka uliofuata. Julai 2023 mahakama ya Australia iliamuru kampuni mbili tanzu za Facebook zilipe jumla ya dola milioni 20 za nchi hiyo kwa kuwapotosha watumiaji. Mtu alipakua kinga, akajipatia mchunguzi.

Kulipia nako si dawa. HideMyAss, VPN ya Uingereza, ilitoa kumbukumbu zake za nani aliunganishwa na lini kwa amri ya mahakama mwaka 2011 na mdukuzi mmoja wa Marekani akakamatwa. PureVPN ilikuwa ikijinadi kwamba haitunzi kumbukumbu, lakini mwaka 2017 nyaraka za FBI katika kesi ya mtu aliyemsumbua mwanamke mtandaoni zilionyesha kwamba taarifa zake zilisaidia kumpata. Kwa mtu yule sina huruma, ninachokitazama ni ile ahadi. UFO VPN, ya Hong Kong, nayo ilidai haitunzi kitu. Mwaka 2020 ilikutwa imeacha hifadhidata wazi mtandaoni ikiwa na anwani za watumiaji na manenosiri.

Ipo pia mifano ya upande wa pili. Aprili 2023 polisi wa Sweden walifika ofisi za Mullvad kule Gothenburg na hati ya upekuzi, na kwa maelezo ya kampuni wakaondoka mikono mitupu kwa sababu hakukuwa na data za wateja za kuchukua. Mullvad hufungui akaunti kwa barua pepe, unapewa namba tu. Kwangu tukio la namna hiyo lina uzito kuliko kurasa za "VPN 10 bora". Kape Technologies, inayomiliki ExpressVPN, CyberGhost na Private Internet Access, mwaka 2021 ilinunua pia kampuni yenye vpnMentor, tovuti inayozipanga VPN kwa ubora. Anayecheza na anayetoa maksi wanakula meza moja.

Nikarudi kwenye simu. VPN ikiwa imewaka, anwani ikionyesha Uholanzi, nilifungua ramani. Nukta ya bluu ikatua juu ya duka langu, maana mahali ulipo simu hupajua kwa GPS na kwa Wi-Fi za jirani. Akaunti ya Google ilikuwa imeingia kama kawaida, kwa hiyo kila nilichotafuta kiliandikwa kwa jina langu. Nikaingia Cover Your Tracks, ukurasa wa majaribio wa shirika la EFF la Marekani, unaopima kivinjari chako kinavyotofautiana na cha wengine kwa ukubwa wa skrini, lugha, saa za eneo na kadhalika. Matokeo ya VPN ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa yalikuwa yale yale. Mtangazaji hahitaji sana anwani yako ya IP, ile namba ya mtandao ambayo VPN huibadilisha. Tena kwenye bando za simu, anwani moja ya nje mara nyingi hugawanywa na wateja wengi kwa wakati mmoja. Anayekujua kwa hakika ni kampuni ya laini, kwa sababu laini imesajiliwa kwa alama ya kidole na namba ya NIDA, ya kitambulisho cha taifa.

Haya yote yalikuwa mambo ya fundi anayejifurahisha, mpaka alipokuja mama mmoja wa makamo, muuza vitenge.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Niwekee hiyo VPN. Wale wa mkopo wananiaibisha, wanawapigia ndugu zangu, wamempigia mpaka mchungaji."

Alikuwa amekopa kwa programu ya simu. Alipoiweka iliomba ruhusa ya orodha ya majina, meseji na picha, naye akabonyeza kubali, kama ambavyo kila mtu hubonyeza. Nilimweleza kwamba VPN haitamsaidia kwa hili. Majina hayakuchukuliwa njiani. Yalichukuliwa ndani ya simu, kwa ruhusa, na programu hiyo ingeyatuma vilevile hata kama yangepitia Uholanzi.

"Sasa ufunguo wa nini?" akaniuliza, na lilikuwa swali zuri kuliko langu lolote.

Tulikaa na simu yake muda mrefu. Tulipiga picha za skrini za vitisho kwanza, kisha tukafuta programu. Tukapitia ruhusa za programu zote zilizobaki, tukakuta tochi inayotaka majina na kibodi inayotaka mahali alipo. Nikamwonyesha orodha ya Benki Kuu, ambayo Novemba 2024 ilitaja programu 69 za mikopo zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni, na nikamweleza kwamba tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 na Tume yake, mahali pa kupeleka malalamiko ya namna hiyo. Majina yaliyokwisha kuchukuliwa hayarudi, hilo nilimwambia bila kuzunguka. VPN sikumwekea.

Kuna na upande wa sheria, ambao vijana huwa hawataki kuusikia. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2020, kanuni ya 16(2), zinakataza kutumia zana ya kufikia maudhui yaliyozuiwa, na adhabu ni faini isiyopungua shilingi milioni 5, kifungo kisichopungua miezi 12, au vyote viwili. Oktoba 2023 TCRA, mamlaka ya mawasiliano, ilitoa tangazo la kuwataka watumiaji wa VPN wajisajili. Kwa hiyo mteja akija namuuliza anaitaka kwa kazi gani, na kwa wenye ofisi nawaambia wamalize suala la usajili kwanza. Binti mmoja aliyekuwa akienda kazini Dubai alitaka VPN ili apige simu nyumbani kwa WhatsApp. Nilimwambia Falme za Kiarabu zina sheria yao, ambayo faini yake kwa anayetumia VPN kutenda kosa huanzia dirhamu 500,000, na kwamba BOTIM, programu ya kupiga simu kwa intaneti, inaruhusiwa kule. Tukamwekea BOTIM, na nyingine kwenye simu ya mama yake.

Na intaneti yenyewe ikizimwa, VPN haina kazi. Wote tuliona hivyo kuanzia Oktoba 29, 2025, siku ya uchaguzi. Boksi ndani ya boksi halifiki popote kama basi halipo.

Simu yangu mwenyewe nimeipanga hivi. VPN ninayo, ya kulipia, na naiwasha ninapotumia Wi-Fi nisiyoimiliki, hasa za nyumba za wageni ninapokwenda Dar kununua vipuri, pamoja na ile mipangilio ya Android inayozuia data isitoke VPN inapokatika. Nimeilipia kwa kadi ya mtandaoni ya pesa za simu, kwa hiyo jina langu lipo kwenye malipo, na sijidanganyi kwamba sijulikani. Nyumbani nikitumia bando langu huwa naizima. Programu ya benki ilikuwa inagoma ikiona nipo Uholanzi, na bando lilikuwa linaliwa zaidi kidogo. Badala yake nimewasha DNS ya faragha, inayoyafunga yale maswali ya anwani, ambayo ipo kwenye Android kuanzia toleo la 9 na haigharimu kitu. Nilirudia jaribio la laptop baada ya kuiwasha, na yale maswali ya wazi hayakuonekana tena. Jina la tovuti mwanzoni mwa mazungumzo bado linaonekana mara nyingi. Nimefuta kitambulisho cha matangazo kwenye mipangilio ya Google, nimeondoa ruhusa ya mahali kwa kila programu isiyo ramani wala usafiri, na kwa kusoma natumia kivinjari cha Firefox chenye uBlock Origin, kizuia matangazo, bila kuingia akaunti yoyote. Uthibitisho wa hatua mbili nimeuhamisha kutoka SMS kwenda kwenye programu, kwa sababu wizi wa laini naushuhudia hapa dukani mara nyingi zaidi kuliko udukuzi wa Wi-Fi.

Hiyo kazi ya ruhusa na mipangilio sasa naifanyia na wateja. Kuweka VPN natoza elfu mbili, dakika tano, mtu anaondoka na ufunguo wake juu ya skrini na hajawahi kulalamika mmoja. Kupitia simu nzima natoza elfu tano, na karibu kila mara naulizwa mbona ghali, wakati hakuna kitu kipya kilichoongezeka.